Mwanamke Mwenye Chekeche: Mazungumzo juu ya Picha ya Kazi



Katika mji wa Nantes, nchi ya Ufaransa, imo nyumba ya makumbusho yenye picha ya rangi ambayo mtu wa Lamu akiitazama hataiona ngeni sana. Aliyeichora ni Gustave Courbet, mzaliwa wa mji mdogo wa Ornans. Aliichora mwaka 1854. Upana wake ni sentimita 167, na kimo chake ni 131.

Katikati yumo mwanamke aliyepiga magoti juu ya shuka jeupe. Nguo yake ni nyekundu. Amenyosha mikono, ameshika chekeche kubwa la duara, na punje za ngano zinaanguka juu ya shuka. Ametupa mgongo, hata uso wake hauonekani. Kando yake ameketi mwenziwe mwenye nguo ya kijivu, kama asinziaye, anachagua punje sahanini kwa vidole. Upande wa kulia kijana anachungulia ndani ya sanduku la mbao, nalo ni mashine ya kupepetea nafaka.

Basi uzuri wa picha hii u wapi? Nguo si za arusi, wala chumba hakina pambo. Uzuri wake umo katika ukweli. Kila apetaye mchele kwa ungo ajua kwamba kazi hiyo si ya vidole tu: huanza mabegani, ikashuka mgongoni, ikatua magotini. Courbet alilitambua jambo hilo, akalichora kama lilivyo.

Zamani hizo, huko Ulaya, picha kubwa ziliwekewa wafalme, vita na hadithi za kale. Mwaka 1855 Courbet alifungua maonyesho yake mwenyewe mjini Paris, akayaita ya Uhalisia, yaani kuchora mambo yalivyo. Kwake yeye, mchekechaji wa ngano alistahili heshima ile ile ya mfalme.

Jambo hili latuhusu Lamu. Tangu mwaka 2011 wachoraji wa kutoka Ulaya wamealikwa mara kadhaa kuja kuchora Lamu na Shela. Lakini jicho la mgeni huvutwa kwanza na jahazi, mlango wa nakshi na punda. Mama asukaye ukili, ashonaye makuti, au achaguaye mchele kiwandani mwa nyumba yake, ni rahisi kupitwa.

Wako wasemao kwamba mwanamke wa heshima hafai kuwekwa pichani. Neno hilo lina uzito wake, na asiyependa kuchorwa aachwe. Hata hivyo, picha ya Nantes yatoa funzo. Uso umefichika, lakini hapana atazamaye asiyejua kuwa mwanamke yule ni hodari, na kuwa kazi yake ni nzito. Stara haikuvunjwa, wala kazi haikufichwa.

Kwa hiyo kijana wa Lamu atakaye kujifunza kuchora na aombe ruhusa kwanza, kisha aketi na kutazama kwa utulivu mpaka aone uzito wa kazi unakaa wapi mwilini. Ndipo ashike kalamu. Kila sinia la wali lifikalo mbele ya watu limepita kwanza katika mikono kama ile.