Watu wanne na mlango uliofungwa



Fungueni Marko sura ya 2. Watu wanne wamembeba mwenye kupooza, wanafika kwenye nyumba, hakuna pa kupita. Ni nani waliofunga njia? Siyo wezi, siyo askari wa barieri. Ni watu waliokuja kusikiliza Neno! Hapo sisi wa makanisa tusipite haraka. Wale wanne wakapanda juu, wakatoboa paa. Majina yao hatuyajui, lakini Yesu aliiona imani yao.

Tunakumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010. Lori la petroli lilipinduka, watu wakakaribia, wengine wakichota, moto ukalipuka. Waliokufa walipita 230. Watu wa Msalaba Mwekundu wakaingia kwenye kazi ile nzito. Majeruhi wakaletwa Uvira, wengine Bukavu, helikopta za Umoja wa Mataifa zikasaidia kubeba. Huko ndiko kutoboa paa.

Hata sheria ya inchi yetu inasema. Kifungu cha 66 ter cha sheria ya makosa kinamhukumu mtu anayeacha kwa kusudi kumsaidia aliye hatarini, wakati angeweza bila kujitia hatarini yeye wala wengine, ama kwa mikono yake, ama kwa kuita msaada. Basi muuguzi haamriwi kutembea katikati ya risasi. Lakini kukaa kimya, hapana.

Sasa tuseme wazi. Kolera haiishi Uvira. Inaweza kumuua mtu kwa saa chache, kwa sababu maji yanamtoka yote. Halafu chumba cha maombi kinamshika mgonjwa mpaka mkesha uishe, mtu wa afya yuko inje anabisha! Uponyaji tunauamini, tunauhubiri kila juma. Lakini maombi hayahitaji mgonjwa abaki kwenye mkeka. Yanaweza kupanda naye kwenye pikipiki, mmoja akiomba, mwingine akimnywesha maji ya chumvi na sukari, mpaka kwenye kituo cha kolera.

Wachungaji na mama wa vyumba vya maombi, kabla ya mkesha wa Ijumaa hii chagueni watu wanne. Mmoja awe na namba ya motari anayekubali kutoka usiku, na namba ya muuguzi wa karibu. Na ufunguo wa mlango ukae kwa mtu asiyelala.