Nani atatuuzia sufuria? Maneno kwa familia zilizohama na viongozi, Musienene



Swali moja linarudi katika kila mkutano: kwa nini mchuruzi yule amepewa tenda, si wetu? Tunalijibu waziwazi, kwa sababu sufuria zimekwisha kuleta magomvi kati ya wakimbizi na wenyeji.

Tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, na tena Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23 Juni 2024, familia nyingi zimekimbilia huku bila hata blanketi. Msaada ukinunuliwa, pesa nyingi zinaingia soko moja kwa siku chache, na kila mtu anaona nani anazipokea.

Kazi inakwenda hivi. Tunatangaza mahitaji, wachuruzi wanaleta bei katika bahasha zilizofungwa, pamoja na mfano wa kitu chenyewe. Bahasha zinafunguliwa mbele ya mashahidi. Bei si neno la mwisho. Sufuria rahisi inayotoboka baada ya mwezi ni hasara kwa mama. Tunauliza pia: mali iko katika depo, au anangoja lori litoke Kasindi? Atafika wakati barabara ni matope? Ana karatasi za biashara? Hapo ndipo wachuruzi wadogo wa Musienene wanaposhindwa na wale wa Butembo, na kusema kweli, malalamiko yao yana haki.

Kwa hiyo tunapenda zaidi soko la kuponi, lile mnaloita foire. UNICEF na wenzake wamelitumia mashariki ya Kongo miaka mingi. Wachuruzi wanatandaza mali, mama mwenyewe anachagua, na mdogo naye anapata meza. Lakini bei ya juu kabisa iandikwe mbele, maana wachuruzi wanaweza kupatana usiku.

Kuna pia "opération retour": aliyeshinda anarudisha sehemu ya pesa kwa aliyemchagua. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, maneno hayo yalisikika sana Beni na Butembo. Pesa hiyo haitoki mfukoni mwa mchuruzi. Inatoka katika unene wa blanketi lako.

Viongozi wa kamati, tunaomba mtume watu wawili siku ya kufungua bahasha, mmoja wao awe mama, wasiwe jamaa wa mchuruzi yeyote. Mwenye lalamiko alilete kabla ya kuponi kugawiwa. Mchuruzi akikwisha kulipwa, ni vigumu kurudi nyuma.