JOTO KALI NA MFANYAKAZI
(Maneno ya ndugu mmoja wa Reli kwa wanachama na vibarua wa Chewele)



Najua ya kuwa reli haifiki Chewele. Lakini jua linalowachoma ninyi katika mashamba ya Bura ndilo linalotuchoma sisi juu ya mataruma. Kilometa moja ya reli ikizidi joto kwa digrii 30 hutaka kurefuka sentimeta 36 hivi. Ikikosa nafasi, hupinda. Kwa hiyo katika nchi nyingi treni hupunguzwa mwendo siku za joto kali. Ikiwa chuma huhurumiwa, je, mtu?

Mwili wa mtu una joto la digrii 37 hivi, nao hujipoza jasho linapokauka. Karibu na mifereji, hewa ikiwa na unyevu na upepo umetulia, jasho hutiririka tu bila kukauka, na joto hubaki ndani. Likipita digrii 40, mtu aweza kupayuka, kuanguka, hata kufa.

Wengine husema, "Kiangazi ni kile kile cha wazee wetu." Sivyo. Moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi umeongeza hewa ya ukaa, nayo huzuia joto kutoka duniani, mfano wa blanketi. Mwaka 2024 ulipita miaka yote iliyopimwa, kadiri ya digrii 1.5 juu ya zamani kabla ya viwanda vingi.

Digrii moja na nusu ni kitu gani? Fikirini Mto Tana. Maji yakipanda shubiri moja kila siku, furiko lililovuka ukingo mara chache litavuka mara nyingi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2021 ya kwamba joto kali lililokuja zamani mara 1 katika miaka 10, dunia ikizidi digrii 1.5, litakuja kama mara 4. Februari 2025 jirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule zote kwa sababu ya joto, baada ya wanafunzi kuzimia.

Basi tufanye nini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Nawe ukiona hatari kubwa, mwarifu msimamizi. Usilazimishwe kurudi pale mpaka iondolewe. Lakini kibarua anayelipwa kwa kiasi cha kazi akipumzika hupoteza shilingi, basi huendelea mpaka aanguke. Hapo ndipo tushike: maji safi, kivuli, kazi ianze alfajiri, na mapumziko ya mchana yasiyokatwa mshahara. Yaandikwe katika mapatano, yasiwe fadhili ya mnyapara.

Na mwenzenu akianza kupayuka, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na mfanye haraka kumfikisha hospitali. Msimwache peke yake.

Umoja ni nguvu.