Bata Aliyezaliwa na Gogo

Wazee wetu watukufu, ndugu na jamaa mliotoka mbali, nanyi watoto mliozaliwa huku Uingereza,

Nimetakiwa niseme maneno machache, nami nimechagua kiumbe kilichotuletea ubishi jana pwani. Kijana wetu alivinyoshea kidole vijiganda vyeupe vilivyogandamana na mwamba, akauliza Waswahili huviitaje. Ami akasema chaza, shangazi akasema kome. Na wote wawili wamelelewa baharini.

Chaza na kome wana udugu na konokono. Kiumbe huyu, kama alivyobainisha John Vaughan Thompson mwaka 1830, ni ndugu wa kamba na kaa. Akiwa mchanga huogelea huru, kisha huchagua mahali, akagandisha kichwa chake hapo, asibanduke tena maisha yake yote. Chakula hujivutia kwa miguu! Charles Darwin alimchunguza miaka minane, tangu 1846 hadi 1854. Mabaharia wetu walimjua kwa taabu yake: jahazi lililoota viganda huwa zito, basi walilipweleza, wakalikwangua, wakalipaka chokaa iliyochanganywa na shahamu.

Waingereza humwita barnacle. Lakini jina hilo kwanza lilikuwa la ndege, bata bukini wa aina moja ajaye Scotland kila majira ya baridi. Kiota chake hakuna aliyepata kukiona, kwani hutaga mbali kaskazini, Greenland na Svalbard. Watu wakaona magogo yaliyoletwa na mawimbi yamening'inia viganda vya aina nyingine, vyenye shingo ndefu na nyuzi mfano wa manyoya, wakasadiki kwamba bata yule huzaliwa na gogo. Gerald wa Wales aliyaandika hayo katika karne ya 12, akataja makasisi waliomla siku za mfungo kwa hoja kwamba hakuzaliwa na nyama. (Mwenye njaa hakosi hoja.) Kaizari Frederick wa Pili, aliyefariki mwaka 1250, aliletewa viganda hivyo, akavichungua asione ndege ndani, akakata shauri kwamba bata hao hutaga katika nchi za mbali.

Nasi tusiwacheke. Bukini ni jina la kale la Madagaska, na bata huyo wazee wetu walimnasibisha na kisiwa hicho.

Juzi nilimsikia mtoto wetu mmoja akiulizwa na mwenziwe asili yake. Akajibu, "Afrika," akanyamaza. Mwenziwe akamalizia mwenyewe kwa simba na vibanda vya majani, naye mtoto wetu hakuwa na neno la kumrudi.

Katika ukoo huu wamesalia wazee wawili tu waliopata kupaka jahazi shahamu kwa mikono yao. Baada ya chakula cha mchana watakaa ukumbi wa nyuma, na daftari litakuwa mezani. Vijana, nendeni mkawaulize majina: ya sehemu za jahazi, ya samaki, ya mitaa na ya nyumba tulizotoka. Andikeni kila neno pamoja na jina la aliyelisema, na pale wanapohitilafiana andikeni yote mawili. Mabasi yataondoka saa kumi na moja.