Mgeni Apewe Intaneti, Asipewe Funguo za Nyumba

Kuta za matofali na zege hudhoofisha WiFi: sebuleni mtandao unapaa, chumba cha nyuma unakatakata. Dawa yake ni mfumo wa meshi, yaani ruta mbili au tatu zinazopokezana mawimbi chini ya jina moja la mtandao.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: je, mfumo huu una ulinzi wa WPA3, kiwango cha usalama wa WiFi kilichotangazwa mwaka 2018? Je, mtandao wa wageni umetengwa na vifaa vyangu? Mgeni aperuzi atakavyo, lakini asiifikie kompyuta wala kamera yako ya ulinzi.

Ukishaufunga mfumo nyumbani, badili nywila ya kiwandani na uruhusu masasisho yajipakue yenyewe. Ruta isiyopata tena masasisho usiinunue, hata kwa bei ya kutupa.