Kanda za Zamani Ziende Mtandaoni

Miaka ya 1960 na 1970, bendi nyingi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. NUTA Jazz walipita hapo, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe pia. Sauti zao ziliingia kwenye kanda za sumaku.

Kanda haiishi milele. Unga wa sumaku umeshikizwa kwa gundi juu ya plastiki, na hewa ya pwani, yenye joto na unyevu, huleta ukungu na kuilegeza gundi hiyo. Kanda inayonata isichezwe kwa pupa. Baadhi ya kanda za poliesta mafundi huzipasha kwanza kwa nyuzi 50 hivi, saa kadhaa. Si kazi ya jiko la nyumbani.

Kunakili hakuna njia ya mkato: kanda ya saa moja hula saa moja. Faili la kuhifadhi hubaki bila kubanwa, kwa biti 24. Nakala nyepesi ya MP3 ndiyo hupandishwa mtandaoni.

Kinachoumiza zaidi ni maandishi ya kwenye boksi kupuuzwa. Jina la mpiga gitaa, tarehe, mahali: yote yapigwe picha na kuandikwa, maana sauti isiyo na jina haitafutiki.

Halafu idhini. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ni ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ndiko pa kuulizia. Familia ya mwanamuziki nayo ishirikishwe mapema.

Mwenye kaseti za harusi au maulidi kabatini aanze na iliyochakaa zaidi, wala asiitupe baada ya kuinakili.