Picha Zako Kwenye Sidii

Msikilizaji, kama picha za harusi au za marehemu mzazi ziko kwenye kompyuta moja tu, zichome kwenye sidii. Sidii hubeba megabaiti 700, dividii ya kawaida gigabaiti 4.7. Chagua ya kurekodi mara moja, isiyofutika. Fundi anayekuchomea akimaliza, mwambie aifunge kabisa kwenye programu ya kuchomea, la sivyo huenda mashine nyingine isiisome. Kisha fungua picha kadhaa hapohapo kabla hujafuta chochote.

Watu hulinda upande unaong'aa, kumbe kwa sidii upande wa juu ndio dhaifu zaidi: tabaka linaloakisi mwanga limefunikwa na utando mwembamba tu. Usiandike juu yake kwa kalamu ngumu. Jua nalo huharibu rangi inayotunza data. Choma nakala mbili. Moja mpe ndugu anayekaa nyumba nyingine.